Mwalimu Donatienne na Gari la Bluu

Waulize wanawake wa Etobicoke waliojifunza udereva kwa Donatienne Nabintu, wote watakwambia kwamba alikuwa anatazama kioo cha nyuma zaidi kuliko barabara ya mbele. Tabia hiyo hakuja nayo kutoka Bukavu. Aliipata hapa hapa Toronto, majira ya baridi ya mwaka 2008. Alinisimulia mwenyewe ilivyokuwa, kwa vipande vipande, miaka ya baadaye tulipokuwa tunafanya kazi pamoja.

Kwao Bukavu baba yake alikuwa na lori la kubeba saruji na kreti za bia hadi Uvira. Dereva alikuwa kaka yake Donatienne. Kaka alipoumia mgongo, Donatienne alipanda yeye, msichana bado, akalipitisha lori lile milima ya Ngomo, ambako njia imechongwa ubavuni mwa mlima na chini ni korongo tupu. Watu walisimama kando ya barabara kumshangaa. Kisha vita vikaja, wenye bunduki wakalichukua lori, baba akafariki. Donatienne akavuka ziwa hadi Kigoma, akakaa kambini, na mwaka 2001 akafika Canada bila mume wala mtoto.

Alipata kazi kwenye kiwanda cha mikate. Wenzake wengi walikuwa Wakongo na Warundi kama yeye, wanaoishi kwenye maghorofa yale yale, wanaosimama kituoni asubuhi theluji ikiwapiga usoni, wakisubiri basi ambalo likichelewa msimamizi hakubali kisingizio. Donatienne akanunua gari kuukuu, akawa anawapakia. Humo garini ndimo walipoanza kumwomba awafundishe. Waliwahi kwenda kwenye shule nyingine, lakini mwalimu alikuwa akifoka kwa Kiingereza cha haraka, na mtu akishaogopa hata kushoto na kulia vinampotea.

Akasomea ualimu wa udereva, akapata leseni. Akanunua Corolla, akaweka breki ya pili upande wa abiria, na juu ya paa akabandika kibao chenye jina la shule: Ngomo. Hiyo ilikuwa 2005. Sisi tunaozungumza Kiswahili hapa hatukuwa tumesikia mwanamke mweusi mwenye shule yake ya udereva, tena anayekwambia "punguza mwendo, mama, hiyo njia haikimbii" kwa lugha unayoielewa.

Miaka miwili ya kwanza alishangiliwa. Shida ilianza na Ella.

Ella alikuwa Mrundi, mpole, mke wa fundi wa vigae aliyeitwa Fabrice. Alifundishika vizuri, akafaulu mtihani, na haikuchukua hata mwezi akapakia nguo zake kwenye gari la nyumbani, akaenda Ottawa na hakurudi. Hakumwambia Donatienne neno. Lakini kanisani nani angeamini? Jumapili iliyofuata, Donatienne alikaa kwenye benchi yake ya siku zote, na wanawake wawili waliozoea kukaa naye wakahamia upande wa pili. Nje, wakati wa chai, alisikia mwanamume mmoja akisema bila kupunguza sauti, "Huyu hafundishi gari. Anafundisha njia ya kutokea."

"Hana mume," mwingine akajibu. "Unategemea afundishe nini?"

Wanafunzi wakapungua. Waliobaki walikuja kwa kujificha. Mmoja alitaka akachukuliwe nyuma ya jengo, karibu na mapipa ya taka. Mwingine alimwomba akitoe kile kibao cha paani. Donatienne alikataa. "Mimi si mwizi," alisema. Lakini asubuhi moja ya Novemba alishuka kwenye maegesho akakuta kibao hakipo. Kilikuwa kimeng'olewa na skrubu zake.

Kabla hajapata kingine, mkaguzi akaja. Mtu asiyejitaja jina alikuwa amepiga simu ofisi ya leseni na kusema kuna mwanamke anayefundisha bila kibali na anayetumia gari la shule kwa biashara nyingine. Mkaguzi alitazama leseni, akakanyaga breki ya pili kwa mguu wake, akainua hata mazulia ya garini. Hakukuta kosa. Alipokuwa anaondoka, Donatienne alimuuliza ni biashara gani hiyo nyingine.

"Aliyepiga simu hakufafanua," alisema yule bwana. "Lakini kuwa mwangalifu, mama. Mtu anakuangalia."

Maneno hayo yalimkaa. Alikuwa anasubiri uraia wakati huo, na mtu anayesubiri uraia hulala na kuamka na hofu kwamba kitu kidogo tu kitamrudisha alikotoka. Akaanza kutazama nyuma. Na alipoanza kutazama, akaliona gari.

Lilikuwa van ya bluu iliyokoza, yenye kutu juu ya gurudumu la mbele. Mara ya kwanza aliliona likiwa magari machache nyuma yake, akalisahau. Juma lililofuata akaliona tena. Alipokata kulia, nalo likakata kulia. Alipomwambia mwanafunzi wake asimame kando, lile gari lilipita polepole, na dereva akageuza uso kuelekea dirisha la upande wa pili. Alikuwa mwanamume, lakini kola ya koti ilikuwa imemfunika hadi masikioni.

Kwa Donatienne, jibu lilikuwa jepesi. Ni nani mwenye uchungu naye? Na ni fundi gani wa vigae asiyehitaji gari kubwa la kubebea vifaa? Jumapili hiyo alimngoja Fabrice mlangoni pa kanisa, akamkabili mbele ya watu.

"Fabrice, unanifuata kwa nini?"

Fabrice alimtazama kama hakusikia. "Nakufuata mimi?"

"Na hilo gari lako la bluu. Umeng'oa kibao changu, umenipigia simu serikalini, na sasa unanifuatafuata barabarani kama polisi. Unataka nini?"

Watu waligeuka wote. Fabrice aliweka chini kikombe chake cha chai.

"Mama Donatienne," alisema, "mimi sina gari. Gari lilikuwa moja. Ella aliondoka nalo. Nakwenda kazini kwa basi, mfuko wa vifaa begani. Waulize hawa."

Hakukuwa na haja ya kuwauliza. Wote walikuwa wamemwona kituoni. Donatienne akageuka, akaenda zake. Juma lile lile alirudi kumwomba radhi nyumbani kwake. Fabrice aliisikiliza radhi akiwa amesimama mlangoni, akaitikia kwa kichwa, akafunga mlango. Baada ya hapo alihamia kanisa jingine.

Aibu ile haikuondoa hofu, iliisogeza tu. Kama si Fabrice, basi ni nani? Donatienne akaanza kupima kila mtu: mama mwenye nyumba, mwenye shule nyingine ya udereva kule Kipling, hata wale wanawake wawili wa benchi ya kanisani. Ndipo siku moja, akiwa jikoni anamenya ndizi, jambo likamjia. Lile gari la bluu hakuwahi kuliona akiwa na Mrundi wala Mkongo yeyote. Aliliona siku za somo la Kanizfatema tu.

Kanizfatema alikuwa mama wa makamo kutoka Tanga, wa jamii ya Wahindi Waislamu waliokaa pwani vizazi na vizazi. Aliishi Thorncliffe Park na mume wake, Ghulamabbas, ambaye Donatienne alikuwa hajamwona. Alikuwa amesikia habari za mwalimu mwanamke anayefundisha kwa Kiswahili, akampigia simu kwa Kiswahili cha Tanga kilichonyooka hadi Donatienne akadhani anazungumza na mtangazaji wa redio. Thorncliffe ni mbali na Etobicoke, lakini wanafunzi walikuwa haba, akakubali.

Alikuwa amemfundisha karibu mwaka mzima. Sasa, huku kisu kikiwa kimesimama juu ya ndizi, Donatienne akaanza kuunganisha mambo ambayo alikuwa ameyaacha yapite.

Kwanza, yule mama aliendesha vizuri mno. Si vizuri kama mwanafunzi aliyefundishwa vizuri; vizuri kama mtu aliyezoea. Siku moja lori la kuzoa theluji liliwakata mbele ghafla, na kabla Donatienne hajagusa breki yake, Kanizfatema alikuwa ameshakwepa, mkono mmoja kwenye usukani, huku anaendelea kuzungumza habari za bei ya nazi. Lakini kila akienda mtihanini alianguka, tena kwa makosa ya kitoto. Alipita alama ya kusimama. Alisahau indiketa. Mtahini mmoja alimuuliza Donatienne kama mwanafunzi wake anaona vizuri.

Pili, kila somo alitaka waende Malvern, kule mwisho wa Scarborough. "Nataka kuzoea barabara kuu ya 401, Mwalimu," alikuwa anasema. Na mwanafunzi haruhusiwi kuingia barabara kuu ile bila mwalimu mwenye leseni, kwa hiyo Donatienne aliona ni ombi la haki.

Tatu, mzigo. Kila mara Kanizfatema alishuka na boksi la kaki lililofungwa kwa utepe wa gundi pande zote, akaliweka kwenye buti. Malvern kulikuwa na safu ya maduka, mengine yamefungwa. Walifika hapo, akaegesha nyuma, upande wa milango ya mizigo, akasema, "Nampelekea ndugu yangu kitu kidogo." Mwanamume Mjamaika mwenye kofia ya sufu alitoka, akapokea boksi, akaingia ndani. Hakumsalimu Donatienne hata siku moja. Mwanamke wa Kihindi kutoka Tanga alipata wapi ndugu Mjamaika?

Biashara nyingine. Maneno ya mkaguzi yalimrudia, akaweka kisu chini. Alikuwa amebeba nini ndani ya gari lake mwaka mzima? Na lile gari la bluu, je, ni polisi wanaokusanya ushahidi?

Usiku ule hakula zile ndizi.

Alipokwenda Thorncliffe tena alikuwa ameamua. Kanizfatema alishuka kama kawaida, mtandio kichwani chini ya kofia ya koti, boksi kifuani. Donatienne alifungua buti bila kusema kitu. Wakaondoka. Walipoingia 401, akaangalia kioo. Gari la bluu lilikuwepo.

"Umekuwa kimya leo, Mwalimu," Kanizfatema alisema.

"Tazama barabara, mama."

Walipofika nyuma ya maduka, kabla Kanizfatema hajazima injini, Donatienne alikanyaga breki ya upande wake na kuchomoa ufunguo. Akashuka, akafungua buti, akalichukua lile boksi. Lilikuwa zito na la baridi.

"Ndani kuna nini?"

Kanizfatema alishuka mbio. "Mwalimu, tafadhali. Lirudishe."

"Nakuuliza ndani kuna nini. Umenibebesha mwaka mzima. Nafundishaka watu kuendesha gari, sibebaki mizigo ya watu. Weye unajua mimi bado sijapata uraia? Unajua wakinikamata na kitu chako wananipeleka wapi?"

"Si kitu kibaya, wallahi."

"Basi fungua."

Kanizfatema hakufungua. Donatienne alipitisha ufunguo wa gari kwenye utepe, akapasua kifuniko. Ndani kulikuwa na mifuko ya plastiki, na ndani ya mifuko vipembetatu vidogo vyeupe, vigumu kama mawe. Alichukua kimoja akakinusa. Hakikuwa na harufu. Akakigeuza mkononi, na ukingoni akaona pale unga ulipobanwa kwa kidole.

"Sambusa?"

"Sambusa za nyama," Kanizfatema alisema kwa sauti ndogo. "Nimezigandisha. Huyu bwana anaziuza dukani kwake. Watu wa huku wanazipenda."

Donatienne alisimama na sambusa yake mkononi. Alisema baadaye kwamba hakujua acheke au ampige mtu. "Sasa sambusa unaifichia nini? Na gari unajua kuendesha. Usinidanganye tena."

"Nimeendesha Tanga miaka ishirini," alijibu. Kisha akaeleza. Ghulamabbas alitoka kwenye ukoo wa wafanyabiashara wakubwa wa katani. Hapa Toronto alikuwa karani, lakini heshima ya ukoo hakuiacha uwanja wa ndege. Mke wake kuuza sambusa kwa watu? Asingesikia. Kwa hiyo Kanizfatema alipika mume akiwa kazini, na friza ilipojaa alisema ni sadaka ya imambara, pale wanaposwalia. Ilibaki namna ya kuzifikisha Malvern. Mume alikuwa amekubali jambo moja tu la kumtoa nyumbani peke yake, nalo ni masomo ya udereva. "Ningefaulu, masomo yangekwisha," alisema. "Ndiyo nikawa naanguka."

Donatienne alifungua mdomo kumjibu, na hapo hapo magurudumu yakasaga theluji nyuma yao. Van ya bluu ilikuwa imeingia, imeziba njia ya kutokea.

Mwanamume aliyeteremka alikuwa mwembamba, ana miwani, koti lake limepigwa pasi. Hakumtazama Donatienne. Alimtazama mke wake, kisha mlango wa mizigo, ambako yule mwenye kofia ya sufu alikuwa amechungulia wakati ule ule.

"Ndiye huyu?" Ghulamabbas aliuliza.

Akamgeukia tena mke wake.

"Mwaka mzima," alisema. "Mwaka mzima unajifunza gari, wewe uliyekuwa unanipeleka mimi Korogwe. Nikajiuliza, huyu anasahau vipi alama ya kusimama? Nikaazima gari la mwenzangu kazini. Nimewafuata. Nimeona mnakuja hapa, kila mara hapa, na huyu mwanamume anatoka. Na wewe, mama," ndipo akamgeukia Donatienne, "mwanamke mzima, unambebea mwenzio aibu kama hii?"

Donatienne alihisi damu ikimpanda. Maneno mengi yalimjia, ya kanisani, ya kibao, ya mkaguzi. Lakini alijizuia. Alisema, "Baba, mimi kazi yangu ni gari. La nyumba yenu semeni wenyewe. Ila tazama kwanza kilicho mkononi mwangu."

Akamnyooshea ile sambusa. Ghulamabbas aliipokea bila kuelewa. Aliiangalia, akaipitishia kidole ukingoni. Nadhani aliijua ile namna ya kubana. Alikuwa ameila maisha yake yote.

"Nilidhani ni mwanamume," alisema.

"Ni mwanamume," Kanizfatema akamjibu, na safari hii sauti yake haikuwa ndogo. "Lakini anataka sambusa tu."

Yule wa dukani, ambaye Kiswahili hakukijua hata neno, aliuliza kwa Kiingereza kama mzigo wake unaingia ndani au unabaki kwenye theluji. Donatienne akamkabidhi.

Kabla hawajaachana, Donatienne alimsogelea Ghulamabbas. "Nijibu kitu kimoja. Kibao changu ni wewe uliyekichukua? Na simu kwa serikali?"

Yule bwana alishtuka. Aliapa kwa jina la Mungu na la watu wa nyumba ya Mtume kwamba alifuata tu, hakugusa kitu wala hakupiga simu yoyote. Donatienne aliniambia kwamba alimwamini kuhusu kibao. Kuhusu simu, alimwamini nusu.

Kanizfatema alifanya mtihani mwezi uliofuata na akafaulu, mtahini akamsifu kwa jinsi alivyoegesha. Nyumbani hawakuzungumza kwa majuma kadhaa, ndivyo alivyosema mwenyewe, kisha siku moja Ghulamabbas akarudi na friza kubwa zaidi, akaipandisha kwa lifti, akaichomeka kwenye umeme bila kueleza. Leo sambusa za Kanizfatema zina jina na ziko kwenye maduka mengi ya Scarborough. Kila mwaka anampigia Donatienne simu ya Idi. Donatienne anapokea, wanaongea vizuri, lakini hawakuwahi kuwa marafiki. "Alinitumia," aliniambia. "Sababu naielewa. Lakini alinitumia."

Aliyepiga simu ofisi ya leseni hakujulikana kamwe. Uraia aliupata mwaka 2010, na hata siku ile, amesimama na bendera ndogo mkononi, alikuwa anatazama nyuma ya ukumbi kuona ni nani amekuja.

Shule haikufa. Wanawake walirudi, kwanza wajane, kisha wasichana, kisha waume wenyewe wakaanza kuwaleta wake zao, maana kazi za viwandani zilikuwa zimehamia Brampton na Mississauga ambako basi la Toronto halifiki. Mwaka 2013 alikuwa na magari matatu na ofisi yenye kioo mbele, na akatangaza kwamba anatafuta walimu wanawake. Mimi, mtu wa Morogoro niliyechoka kuhudumia wazee usiku, nikampigia simu, na siku chache baadaye nikaenda.

Hakuniuliza vyeti. Alisema, "Twende Hamilton." Niliendesha kwenda na kurudi, naye kakaa kando yangu mikono mapajani. Niliposema kitu juu ya mvua, aliitikia "mm". Kumbe alikuwa amekwisha kuwapigia wenye nyumba yangu wa zamani, na mchungaji wangu, na mahali nilipofanyia kazi, yote hayo siku moja kabla, bila kuniambia. Nilijua baadaye.

"Unaanza Jumatatu," alisema, akanipa ufunguo wa gari la pili niende nalo nyumbani.

Nilifurahi. Nilirekebisha kiti, nikafunga mkanda. Kabla sijaondoka alizunguka hadi dirisha langu, akainama kama anayetaka kuniaga, akachungulia dashibodi, akatoa kalamu mfukoni na kuandika namba za kilomita kwenye kiganja chake.